Elspeth Huxley, binti wa Njoro aliyeandika maisha ya wengine

Kila mwaka wako vijana wetu kutoka Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu wanaopata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Egerton. Wakifika Nakuru hupanda matatu ya Njoro, mwendo wa kama kilomita 20, na wakishuka hupokewa na baridi ambayo hakuna aliyewaonya nayo kabla hawajatoka nyumbani. Wakija likizo hutuhadithia habari za mashamba ya ngano, matope ya msimu wa mvua, na lile jumba kubwa la mawe alilojenga Bwana Maurice Egerton, Muingereza aliyeanzisha skuli ya kilimo hapo mwaka 1939, ambayo ndiyo chuo kikuu cha leo.

Sijamsikia hata mmoja akirudi na habari za Elspeth Huxley. Si kosa lao. Vitabu vyake havifundishwi sana siku hizi, na tangu afariki mwaka 1997 jina lake limebaki kwa wapenzi wa historia ya walowezi. Lakini leo naomba nimlete barazani, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba waandishi wa hadithi duniani kote wanazozana juu ya jambo moja: je, mtu anayo haki ya kuandika hadithi ya mtu asiyefanana naye? Mzungu amwandike Mwafrika? Mwanamume amwandike mwanamke? Mtu wa ndoa ya kawaida amwandike mtu mwenye mapenzi ya jinsia moja? Wako wasemao hapana, kila mtu aandike yake. Wako wasemao kalamu haina mpaka. Elspeth Huxley aliingia katika jambo hilo miaka zaidi ya 80 iliyopita, tena kwa kina kuliko wengi wa leo.

Sababu ya pili inatuhusu sisi wa Pwani moja kwa moja. Tumo katika kitabu chake mashuhuri kuliko vyote. Jina letu humo ni Juma, na tutamfikia.

Kutoka Mombasa hadi Thika

Elspeth Grant alizaliwa London Julai 1907. Baba yake, Josceline Grant, alikuwa mwanajeshi mwenye mipango mingi na pesa chache. Mama yake, Nellie, alitoka katika ukoo wa makabaila wa Grosvenor, lakini utajiri wa ukoo huo ulikuwa haujamfikia yeye. Kama wengi wa aina yao, wakasikia kwamba serikali ya Uingereza inagawa ardhi Afrika Mashariki, na kwamba kahawa inastawi. Wakafunga virago.

Mwaka 1913 binti yao, akiwa na umri wa kama miaka 6, alipita njia iliyopitwa na wageni wote wa zama hizo: meli hadi Mombasa, kisha reli ya kwenda bara. Kutoka Nairobi familia ilisafiri hadi Thika kwa gari la kukokotwa na maksai, na huko wakakuta pori lililowangoja kufyekwa. Nyumba ikawa ya nyasi. Kahawa ikapandwa na Wakikuyu wa jirani, ambao hawakuelewa kwa nini mtu ahangaike na mti usiolika matunda yake.

Mtoto huyo hakuwa na wenzake wa kucheza nao. Alikaa na wakubwa, akasikiliza. Alisikiliza wazazi wake na majirani zao Wazungu wakizungumza ugonjwa wa kahawa na wake za watu. Akasikiliza pia wafanyakazi wakizungumza mbuzi, mahari na uchawi. Mazoea hayo ya kukaa kimya na kusikiliza ndiyo yaliyomfanya mwandishi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 maisha hayo yakakatika. Baba alirudi jeshini, na mtoto akapelekwa Uingereza. Baada ya vita akarejea Kenya, akasoma Nairobi, na bado akiwa kijana akaanza kuandika habari za mchezo wa polo katika magazeti ya walowezi. Fedha ya kwanza aliyoichuma kwa kalamu aliipata huko.

Shamba la Njoro

Miaka ya mwanzo ya 1920 shamba la Thika lilikuwa limewashinda, na wazazi wake wakahamia Njoro. Shamba lao jipya waliliita Gikammeh. Hapo Nellie alikaa zaidi ya miaka 40, akijaribu zao hili akaacha, akashika lile, bila kutajirika hata siku moja. Elspeth aliondoka mwaka 1925 kwenda kusomea kilimo katika chuo cha Reading, kisha Cornell, Marekani. Mwaka 1931 aliolewa na Gervas Huxley, binamu wa mwandishi Aldous Huxley, na makao yake ya kudumu yakawa Uingereza. Lakini Njoro ndiko kulikokuwa kwao. Alirudi mara kwa mara kwa mama yake, na barua baina ya wawili hao hazikukatika mpaka mama alipofariki mwaka 1977.

Ni vizuri tuelewe Njoro ilikuwa mahali pa namna gani. Kabla ya Wazungu, nyanda zile zilikuwa malisho ya Wamaasai, na misitu ya Mau juu yake ilikuwa makao ya Waogiek. Mwaka 1904 Wamaasai walitiishwa kwa mkataba na kuhamishwa kutoka Bonde la Ufa la kati. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, akapata Njoro ekari zipatazo laki moja. Wakikuyu waliofika huko walifika kama vibarua na maskwota, yaani watu wanaoishi na kulima kwenye ardhi isiyo yao, na wanaolipia kukaa hapo kwa jasho lao. Sisi wa Pwani neno skwota hatuhitaji kufasiriwa. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilitufanyia yaleyale kwenye ukanda wetu wa maili 10, na mpaka leo tunazika watu kwenye viwanja visivyo na hati.

Njoro hiyohiyo ndiko alikokulia pia Beryl Markham, rubani aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi, mwaka 1936, naye pia aliandika kitabu cha maisha yake kinachosifiwa hadi leo. Kijiji kidogo cha walowezi kikatoa waandishi wawili wa kusomwa dunia nzima. Waliolima mashamba yake nao walikuwa na hadithi, lakini hawakuwa na wachapishaji.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza kilidhihirisha alikosimama. Mwaka 1935 alitoa juzuu mbili za maisha ya Delamere, na jina alilokipa kitabu hicho, White Man's Country, lilimaanisha nchi ya Mzungu. Humo walowezi ndio wanaoijenga Kenya. Waafrika wapo, lakini ni kama mvua na nzige: sehemu ya mazingira ya kushughulikiwa.

Baada ya hapo alianza riwaya za upelelezi, ambazo aliziandika zaidi akiwa melini, kwani mumewe alikuwa na kazi ya kutangaza soko la chai na walisafiri mno. Mauaji hutokea katika koloni la kubuni, mpelelezi ni Mzungu, mtuhumiwa ni Mzungu, na Waafrika hupita pembeni wakibeba chai. Laiti angeishia hapo, nisingekuwa na sababu ya kumwandika.

Wageni wekundu

Lakini kuna kitu kilikuwa kikimkera. Katika kuandika maisha ya Delamere alikuwa amesoma nyaraka zote za upande mmoja. Alijua Wazungu walisema nini walipofika. Hakujua walioonekana wakifika walisemaje.

Akaamua kujifunza. London alihudhuria mihadhara ya Bronisław Malinowski, mwalimu mkubwa wa elimu ya mila za watu. Katika darasa hilohilo alikuwako Mkenya mmoja aliyekuwa akiandika kitabu juu ya watu wake, Jomo Kenyatta. Fikirini darasa hilo: binti wa walowezi wa Njoro na mtu atakayekuja kuwa rais wa kwanza wa Kenya, wote wawili wakijifunza namna ya kuwaeleza Wakikuyu kwa dunia. Kitabu cha Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilitoka mwaka 1938.

Elspeth naye akarudi Kenya, akaenda kukaa kwa muda katika maeneo ya Wakikuyu karibu na Nyeri. Akawahoji wazee kwa msaada wa wakalimani. Aliuliza mashamba yalirithiwa vipi, kesi ziliamuliwa vipi, kijana alikuwaje shujaa, mtu alijitakasa vipi akigusa maiti. Aliuliza pia siku ile ya kwanza walipomwona Mzungu walimdhania nini.

Matokeo yake ni riwaya iliyotoka mwaka 1939 kwa jina la Red Strangers, yaani wageni wekundu, kwani Mzungu aliyechomwa na jua hakuonekana mweupe kwa waliomtazama. Ni hadithi ya familia moja ya Kikuyu kwa vizazi vinne, kuanzia kabla ya ukoloni. Ndugu wawili, Muthengi na Matu, wanakua, wanapashwa tohara, wanaoa, wanagombana. Kurasa nyingi zinapita kabla ya Mzungu yeyote kuonekana. Na anapoonekana, msomaji keshazoea kuitazama dunia kwa macho ya Muthengi na Matu, hata Mzungu ndiye anayekuwa kiroja. Kodi inakuwa kiroja. Sarafu, kipande cha chuma kisichozaa kama mbuzi, inakuwa kiroja. Mwisho wa kitabu mtoto mchanga anapewa jina la ndege ya angani, kwa sababu dunia imegeuka na majina nayo yamegeuka.

Mchapishaji wa kwanza aliyepelekewa mswada alikuwa kampuni ya Macmillan. Walitaka apunguze, hasa maelezo ya tohara ya wanawake, jambo ambalo tangu 1929 lilikuwa limewatia vitani wamishonari na Wakikuyu. Wasomaji wa Uingereza, walihofia, wangechukizwa. Elspeth alikataa. Hakuwa akiitetea mila hiyo. Alichokataa ni kuwatengeneza Wakikuyu wapendeze sebuleni London. Akachukua mswada wake akaupeleka kwa Chatto & Windus, nao wakauchapisha.

Hapo lazima tumpe haki yake. Mwaka 1939 vitabu vya Wazungu juu ya Afrika vilijaa wawindaji na makuli. Yeye alitoa kitabu kizima ambacho Waafrika ndio watu na Wazungu ndio wageni. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alifanya kwa kazi: kwenda, kukaa, kuuliza, na kukubali kwamba hajui.

Upande mwingine wa kalamu ileile

Sasa tugeuze ukurasa, kwa sababu mizani ina sahani mbili.

Wakati Red Strangers inasomwa London, Mkikuyu aliyeishi Njoro hakuruhusiwa kununua hata ekari moja Njoro. Nyanda za juu zilikuwa zimetengwa kisheria kwa Wazungu. Kitabu kilimpa Mkikuyu nafsi, lakini hakikumpa shamba, na mwandishi wake hakudai apewe. Mwaka 1944 zilichapishwa barua alizoandikiana na Margery Perham, mwanamke msomi wa Oxford, wakibishana juu ya Kenya. Perham aliwashutumu walowezi. Elspeth aliwatetea.

Ilipofika vita vya Mau Mau, akaandika riwaya nyingine, A Thing to Love, mwaka 1954. Safari hii Wakikuyu anaowaonea fahari ni wale waliokataa kiapo. Walioingia msituni wanaonekana kama watu waliopotewa na akili. Yule aliyewahi kuwauliza wazee wa Nyeri walimwonaje Mzungu wa kwanza, hakwenda kuwauliza wajukuu zao kwa nini wameshika panga. Pengine asingeweza, katika hali ya hatari ya wakati ule. Lakini pia pengine hakutaka kusikia jibu, kwa sababu jibu lilikuwa Gikammeh na mashamba kama hilo.

Ndivyo ilivyo. Mtu anaweza kukuelewa vizuri mpaka pale kukuelewa kutakapomgharimu kitu.

Miaka ilivyokwenda alibadilika kiasi. Aliukubali uhuru kwamba hauzuiliki, akawa mmoja wa wajumbe wa tume ya Monckton iliyochunguza shirikisho la Rhodesia na Nyasaland mwaka 1960, na mwaka 1964 akaandika kitabu juu ya wahamiaji walioingia Uingereza, yaani sasa yeye akiwa mwenyeji na wengine wakiwa wageni. Mama yake aliondoka Njoro mwaka 1965, kwenda kumalizia uzee wake Ureno. Elspeth mwenyewe alifariki Januari 1997 huko Gloucestershire, akiwa na umri wa miaka 89. Miaka 2 baadaye Red Strangers ilichapishwa upya na Penguin, na mwanasayansi Richard Dawkins, ambaye naye alizaliwa Nairobi, ndiye aliyeiandikia utangulizi.

Juma wetu

Kitabu kilichomtajirisha sifa kuliko vyote si riwaya hiyo. Ni The Flame Trees of Thika, cha mwaka 1959, kumbukumbu za utoto wake zilizopambwa kama hadithi, hata wazazi wake akawapa majina mengine, Tilly na Robin. Mwaka 1981 televisheni ya Uingereza ilikifanya mchezo, na mamilioni wakaijua Kenya kupitia hapo.

Humo ndimo alimo Juma. Juma ni mtumishi wa nyumbani, Mswahili wa Pwani, Mwislamu. Anawadharau Wakikuyu kuwa washenzi wasiojua kitu, na anajiona yu karibu zaidi na bwana zake kuliko na majirani zake. Anachekesha. Ana kiburi. Ukimaliza kitabu unamkumbuka.

Lakini jiulize: Juma alikuwa na mama? Alitoka mtaa gani, Mombasa, Lamu au Vanga? Kwa nini mtu wa bahari alifika Thika kuosha vyombo vya Mzungu mwaka 1913? Je, baba yake alikuwa nahodha, au mtumwa aliyepata uhuru, kwa kuwa utumwa ulifutwa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907 tu, mwaka uleule aliozaliwa Elspeth? Usiku, kazi zikisha, aliswali na nani? Kitabu hakituingizi huko. Tunamwona Juma kwa macho ya mtoto aliyemkuta jikoni, na mtoto huyo alipokuwa mkubwa hakurudi kumuuliza.

Tusijidanganye kwamba dharau ya Juma ni uongo mtupu. Wako wazee wetu waliojiita waungwana na kuwaita watu wa bara washenzi, na bado wako wanaowaza hivyo. Tatizo si kwamba mwandishi alituonyesha aibu yetu. Tatizo ni kwamba alituonyesha aibu peke yake. Matu alipewa kitabu kizima cha kukosea, kutubu, kuogopa na kupenda. Juma alipewa mlango wa jikoni.

Na mwandishi ni yuleyule mmoja. Hilo ndilo funzo. Alipofanya kazi ya kwenda na kuuliza, alitoa watu. Alipoandika kwa yale aliyoyazoea, alitoa picha. Kwa hiyo hoja kwamba Mzungu hawezi kumwandika Mwafrika si kweli, na hoja kwamba kipaji kinatosha si kweli vilevile. Waswahili twasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Elspeth alikilalia cha Nyeri kwa siku kadhaa. Chetu alikiona kwa mbali, kimetandikwa.

Nakuru yajibu

 Lakini mwaka 1971, mwendo wa nusu saa tu kutoka Gikammeh, alizaliwa Nakuru mtoto aliyeitwa Binyavanga Wainaina. Mama yake, mzaliwa wa Uganda, alikuwa na saluni ya nywele mjini. Baba yake alifanya kazi bodi ya pareto, zao la nyanda zilezile za Njoro na Molo. Mwaka 2002 alishinda tuzo ya Caine, akaanzisha na wenzake jarida la Kwani?, na mwaka 2005 akaandika makala fupi ya kejeli inayowafundisha wageni namna ya kuandika Afrika vibaya. Miongoni mwa vikaragosi anavyovitaja humo yumo mtumishi mwaminifu. Niliposoma hapo, nilimwona Juma.

Januari 2014 Binyavanga alichapisha sura aliyosema ilipotea katika kitabu chake cha kumbukumbu. Humo anafikiria kwamba yuko kando ya kitanda cha mama yake anayekata roho, na anamwambia siri aliyoificha maisha yake yote, kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia yake. Ukweli ni kwamba mama alifariki mwaka 2000 bila kuambiwa, na mwana hakuwahi kufika kitandani. Nchi nzima ilipiga kelele. Alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku 3 baadaye Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha mahusiano hayo, vibaki kama vilivyo.

Najua wako wasomaji wanaokunja uso hapa. Msimamo wa dini zetu unajulikana, sheria ya nchi nayo nimeitaja, na mimi si kadhi wala hakimu. Ninazungumzia hadithi. Katika hadithi zetu, michezo yetu ya redio na vichekesho vyetu, mtu wa namna hiyo huingia kwa jambo moja tu: achekwe kidogo, kisha atolewe. Hana mama, hana khofu, haumwi. Ni Juma mwingine. Na sisi tunaolalamika kwamba Mzungu wa Njoro alitufanya kikaragosi, tunatengeneza vikaragosi vyetu kila wiki bila kuhisi chochote.

Alichofanya Binyavanga ni kukataa kuandikwa, akajiandika. Hakuandika hoja. Aliandika mtu na mama yake. Unaweza kukataa anachokisimamia na bado ukashindwa kusahau kitanda kile, kwa sababu nani kati yetu hana jambo ambalo hakuwahi kumwambia mama yake?

Tunachobaki nacho

Sioni faida ya kumfukuza Elspeth Huxley kwenye rafu. Wazee aliowahoji Nyeri wamekufa zamani, na mengi waliyomwambia yasingehifadhiwa kama asingefika. Wala sioni faida ya kumwabudu. Nasema tumsome kama tunavyomsikiliza shahidi mmoja mahakamani, huku tukijua msema pweke hakosi, na tuite mashahidi wengine.

Tena wamekwisha kuanza kuja. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Wakikuyu wa ardhi iliyoporwa kutoka ndani ya nyumba yao, na baadaye akaandika kwa lugha yao. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, katika riwaya yake Desertion ya mwaka 2005, alirudi kwenye Pwani yetu ya Kenya ya mwaka 1899 na kuonyesha mapenzi ya Mzungu na binti wa Kiswahili, na aibu iliyowarithi wajukuu. Humo Mswahili hapiti pembeni na sinia.

Kwa anayetaka kuandika, awe wa rangi gani au wa hali gani, maisha ya mwanamke huyu yanaacha maswali matatu ya kujipima. Nimekwenda kuuliza, au nimeandika niliyoyazoea? Mtu wangu ana mama, ana khofu, ana kitu anachokipenda, au kazi yake ni kupita tu? Na ukweli wa huyu mtu ukija kunigharimu mimi, nitaendelea kuuandika? Elspeth alifaulu la kwanza na la pili mwaka 1939. La tatu lilimshinda.

Na kwenu nyinyi wanangu mlioko Egerton, ambao jioni mnaona jua likizama nyuma ya Mau. Mnakaa katika ardhi iliyoandikwa sana na watu waliokuwa na wakati wa kuandika. Mnakaa pia na watoto wa maskwota, wa Waogiek, wa waliochomewa nyumba Njoro na Molo baada ya uchaguzi wa 2007. Waulizeni. Na mkirudi nyumbani, waulizeni bibi na babu zenu ni nani katika ukoo aliyepanda gari moshi kwenda bara kumtumikia Mzungu, na kwa nini. Kila nyumba ya mji wa kale inaye mmoja. Kuna kijana mmoja miongoni mwenu atakayemwandika Juma akiwa na mama yake, mtaa wake na sababu zake, na mimi ningependa kukisoma kitabu hicho nikiwa bado hai.